Piano ya jukwaani: kabla ya kuipiga, igeuze uangalie mgongo

SWALI: Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Tabata, na Jumamosi nyingi napiga na bendi kwenye kumbi za harusi. Kinanda changu ni cha midundo, vitufe 61 vyepesi. Nikivaa hedifoni piano yake ni nzuri, ila nikichomeka kwenye mixa ya ukumbi inakuwa nyembamba kama inatoka kisimani, na mara nyingine kuna mvumo. Sasa kamati imekubali tununue piano ya jukwaani. Nimeonyeshwa mbili: Yamaha P-45 mpya dukani Kariakoo, na Roland RD-700GX iliyotumika, imeshuka na kontena kutoka Japani. Nichukue ipi? Na hiki cha zamani nikiuze? Usafiri wangu ni bajaji.

JIBU: Dada, hela iwekeni pembeni kwanza. Hiyo sauti ya kisimani ina sababu yake, na usipoijua utaibeba pamoja na piano mpya hadi ukumbini.

Vinanda vingi vya vitufe 61, mfano wa karibu ukiwa familia ya PSR-E ya Yamaha, vina tundu moja tu la kutolea sauti, na tundu hilo ndilo la hedifoni. Ni la stereo: ncha ya jeki inabeba upande wa kushoto, pete ya katikati inabeba kulia, shina ndiyo ardhi. Tundu la jeki kwenye mixa limetengenezwa kwa kazi nyingine. Mara nyingi linategemea ncha na pete zilete sauti ile ile, moja ikiwa imepinduliwa, ili mixa itoe moja kwa nyingine na kelele zilizookotwa njiani zifutike. Sasa wewe ukichomeka kebo ya stereo kutoka kwenye hedifoni, mixa inapiga hesabu yake kama kawaida: kushoto kutoa kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili, yaani bezi, kiini cha piano, kiki ya dramu, kinabaki sifuri. Kinachopona ni tofauti tu kati ya pande mbili, yaani mwangwi na vikorombwezo. Hicho ndicho kisima chako. Fundi mitambo atapandisha bezi hadi mwisho na haitarudi, kwa sababu haikumfikia.

Dawa yake ni kebo ya Y: upande mmoja jeki moja ya stereo ya milimita 6.3, upande wa pili jeki mbili za mono, yaani za sauti ya upande mmoja tu. Hizo mbili zinaingia chaneli mbili za mixa, moja ipelekwe kushoto na nyingine kulia. Angalia vizuri unaponunua, kwa kuwa Kariakoo kuna Y za aina mbili zinazofanana kwa sura. Jeki ya stereo ina mistari miwili myeusi karibu na ncha, ya mono ina mmoja. Unayoitaka ina mistari miwili kwenye mguu mmoja na mmoja mmoja kwenye ile miwili. Ile nyingine, yenye mono pande zote tatu, ni ya kugawa sauti moja na haitakusaidia. Wala usijaribu kuokoa hela kwa kuchomeka kebo ya gitaa kwenye tundu la hedifoni. Shina la jeki ya mono linagusa pete, upande wa kulia unaunganishwa moja kwa moja na ardhi, na amplifaya ndogo ya hedifoni ndani ya kinanda inafanya kazi ikiwa imefungwa mdomo. Siku hiyo hutaona kitu. Itakufa taratibu, na utasema kinanda ni kibovu.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye manunuzi, na kanuni yangu ni ile ya kichwa cha habari. Mnunuzi akifika dukani anabonyeza sauti ya kwanza, anapiga korasi moja, anatabasamu, analipa. Wewe igeuze. Kinachoifanya piano iitwe ya jukwaani kiko mgongoni: matundu mawili ya sauti yaliyoandikwa L/MONO na R, kwenye za daraja la juu na mengine ya XLR ambayo mafundi wengi huyaita kanoni, tundu zaidi ya moja la pedali, MIDI ya pini tano (njia ya ala kupelekeana amri za noti), na sehemu ya umeme inayoeleweka. Idadi ya sauti haiingii hapa. Kinanda cha dukani kina sauti 600 na wewe kwenye ibada unatumia nne.

P-45 ukiigeuza utakuta tundu moja la hedifoni, moja la pedali, USB ya kwenda kwenye kompyuta, na adapta ya volti 12. Basi. Vitufe vyake 88 ni vya nyundo, yaani vizito kama vya piano halisi, na ni vya kweli kabisa, uzito wake ni kilo 11.5, na kwa mtu anayejifunza nyumbani sina neno nayo. Lakini imetengenezewa sebule. Ukiipeleka ukumbini unarudi kwenye kebo ya Y, na ukichomeka tu hapo, spika zake zenyewe zinanyamaza, kwa hiyo hata ile monita (spika ya kujisikilizia) ya bure karibu na masikio huna tena. Isitoshe, polifonia yake ni 64, maana yake ina uwezo wa kutoa sauti 64 kwa mkupuo. Inaonekana nyingi kwa mtu mwenye vidole kumi. Lakini piano ya stereo hula mbili kwa kila noti, ukiitandikia na nyuzi zikaongeza mbili, na mguu ukiwa umekanyaga sastein, pedali ya kurefusha noti, kwenye pambio la polepole, noti za zamani hazifi mpaka uachie. Zikijaa, ala inaua za zamani ili ipate nafasi. Utasikia bezi uliyoiacha ikilia inakatika ghafla kama imemezwa. Kwa kazi yako anzia 128.

RD-700GX ni kinyume chake. Hiyo ilizaliwa jukwaani: ina polifonia 128, matundu ya kutosha, na vidhibiti vya mkono kwa kila sauti, usiingie kwenye menyu gizani. Umri wake, wa 2008, haunisumbui. Kinachonisumbua ni viwili, uzito na umeme. Ni kilo 25 hivi bila mkoba, na urefu wake ni karibu meta 1.4. Kwenye bajaji haiingii kwa kulala, itatokeza nje pande zote, na Barabara ya Mandela siyo mahali pa kutokeza. Kama kanisa lina gari na vijana wawili wa kubeba kila safari, endelea kuisoma. Kama ni wewe peke yako, ruka aya mbili zijazo.

Umeme wa Japani ni volti 100. Wa TANESCO ni 230, hezi 50. Ala iliyouzwa kwa soko la ndani la Japani, yenye umeme wa ndani kwa ndani, ikichomekwa ukutani hapa inaungua kabla hujakaa. Kwa hiyo tafuta kibandiko pembeni ya tundu la umeme. Kikiandika "AC 100-240V" huna shida, badilisha plagi tu. Kikiandika "AC 100V" peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha, na hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Transfoma nyingi za madukani zinashusha 220 kwenda 110, zinagawa kwa mbili tu. Umeme ukiwa 230 zinatoa 115, na usiku ukipanda 245 zinatoa zaidi ya 122. Kwa ala ya volti 100 hilo ni ongezeko la asilimia 15 hadi 22. Haitaungua siku ya kwanza, itapika vidhibiti vyake vya ndani taratibu hadi kapasita zivimbe. Omba iliyoandikwa kabisa kwamba inatoa 100, na uipime kwa mita mbele ya muuzaji. Ukubwa usikutishe: piano ya namna hii isiyo na spika hula chini ya wati 60, kwa hiyo transfoma ya VA 100 inatosha, na ile ya VA 1000 unayosukumiwa ni uzito wa kubeba bure. Kwa piano zenye adapta ya nje mambo ni mepesi zaidi. Tupa adapta ya Kijapani, nunua nyingine ya 230 yenye volti zile zile za kutoka, ampea sawa au zaidi, na alama ya chanya na hasi iliyo sawa na iliyochorwa kwenye ala. Ampea zikizidi hakuna tatizo, ala huchukua inachohitaji. Volti zikizidi au chanya ikigeuka hasi, umeiua.

Kukagua vitufe vya mtumba kunachukua dakika 20 na usikubali kuharakishwa. Chagua sauti ya piano ya kawaida, ondoa mwangwi, kisha piga vitufe vyote 88 kimoja kimoja mara tatu: kwa upole sana, kwa wastani, kwa nguvu. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye vidoti vya kaboni viwili au vitatu, vinavyogusa ubao mmoja baada ya mwingine. Ala hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili, na muda huo ndio nguvu ya kidole chako. Kidoti kimoja kikiingia vumbi au chumvi, hesabu inaharibika: noti inapasuka kwa nguvu zote hata ukigusa kwa unyoya, au haitoki kabisa. Noti mbili tatu za namna hiyo ni usafi tu, fundi anafungua, anapangusa mpira na ubao kwa pamba yenye spiriti safi ya isopropili, bila kusugua kaboni. Noti kumi na tano zilizosambaa ni unyevu ulioingia kwenye ubao, achana nayo. Sikiliza pia mlio wa "ta-ta-ta" vitufe vinapogonga chini na kurudi. Ni kitambaa cha ndani kilicholiwa, kinabadilishika, lakini ni kazi ya siku nzima na iingizwe kwenye bei.

Sasa jibu lenyewe. Kati ya hizo mbili, nisingechukua hata moja kwa mtu anayesafiri kwa bajaji. Tafuta ya katikati: kilo 11 hadi 15, vitufe vya nyundo, yenye matundu ya L na R mgongoni. Yamaha P-125 ni ndugu mkubwa wa P-45, inazidi uzito kwa gramu 300 tu, na tofauti kubwa iko pale pale mgongoni, ina AUX OUT mbili, yaani matundu ya kutolea sauti. Roland FP-30X ina kilo 14.8 na matundu yake kamili. Usiichanganye na FP-10, ambayo sauti yake inatoka kwenye hedifoni tu. Casio PX-S1100 ina kilo 11.2, nyembamba, na inaweza kuendeshwa kwa betri sita ndogo za AA, jambo ambalo mtu wa Dar hahitaji kuelezwa faida yake. Hizi tatu zina spika zao ndogo, zinafaa mazoezi ya kwaya ya Jumatano bila kufungua mitambo.

Kamati ikiongeza mkono, kuna RD-88 ya Roland, kilo 13.5, iliyotoka 2020, ambayo ni piano ya jukwaani kamili na bado ina vispika vyake. Na kuna CP73 ya Yamaha, vitufe 73 kuanzia E hadi E, kilo 13.1. Kwa mpiga wa bendi, vitufe 73 si umaskini. Mpiga bezi yupo, mkono wako wa kushoto hauna biashara kule chini, na urefu unapungua hadi meta 1.1 hivi, ambao bajaji inaumeza. Kaka yake CP88 ni kilo 18.6 na vitufe vyake vyeupe ni vya mbao. Tamu sana, ila mgongo ni wako. Nord za Uswidi, zile nyekundu, ni nyepesi na zimejengwa kwa ajili ya mtu anayebadilisha sauti katikati ya wimbo bila kuangalia, lakini bei yake ni mazungumzo mengine.

Ukizifungua nyingi kati ya hizi kubwa utakuta sauti zimeandikwa Tine na Reed badala ya majina unayoyasikia kwa wapigaji. Tine ni Rhodes, nyundo inagonga kijiti cha chuma. Reed ni Wurlitzer, nyundo inagonga ulimi wa chuma. Watengenezaji hukwepa majina yenye wenyewe. Ukitaka ile piano ya kioo inayong'aa ya rumba na mapambio ya miaka ya 80, tafuta iliyoandikwa FM au DX: ni mtindo wa DX7 ya Yamaha ya 1983. Na ile piano kali inayokata kwenye rekodi za miaka hiyo huandikwa CP80, kutoka kwenye ala za CP-70 ya 1976 na CP-80 iliyofuata, ambazo zilikuwa na nyuzi halisi ndani na zilibebwa zikiwa vipande viwili. Ukilalamika kuhusu kilo 15, wakumbuke walioibeba ile.

Kama bendi yenu inapiga taarabu, ngoja kidogo. Robo toni za maqam, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, zinataka ala inayoruhusu kushusha noti moja moja kwa senti (vipande vidogo vya toni) unazotaka, na piano nyingi za jukwaani zinakupa mizani chache zilizopangwa tayari au hakuna kabisa. Hapo vinanda vya midundo vya Korg vya familia ya Pa, vyenye swichi za robo toni, vinashinda piano yoyote. Kwa kwaya na dansi, sahau aya hii.

Ukishaipata, ukumbini fanya hivi. Kumbi nyingi za harusi hapa mjini ni mono, hata kama kuna spika pande mbili. Piano za kisasa zimerekodiwa kwa maikrofoni mbili, na pande zikijumlishwa, baadhi ya masafa yanapishana na kulana. Siyo kama kisima cha mwanzo, lakini piano inakuwa na tundu katikati. Jaribu njia tatu mapema, ukumbi ukiwa mtupu. Kwanza, kebo moja kwenye L/MONO, ala ijijumlishe yenyewe. Pili, chomeka zote mbili mgongoni lakini fundi afungue chaneli ya kushoto tu. Tatu, tafuta ndani ya orodha ya sauti piano iliyoandikwa Mono, nyingi zinayo na watu huipuuza kwa kuwa kwenye hedifoni ni ndogo. Jukwaani hiyo ndogo mara nyingi ndiyo inayosikika.

Sauti ya ala iweke robo tatu, kisha fundi apandishe geni (kiwango cha sauti inayoingia) ya chaneli huku unapiga kwa nguvu kama kwenye kiitikio, taa nyekundu isiwake. Wapigaji wengi hufanya kinyume, wanashusha ala hadi robo ili wabaki na akiba, kisha fundi anafidia kwa geni na kupandisha ukungu wa kelele pamoja nayo. Mwangwi wa ala uzime kabisa. Ukumbi wenye marumaru na vioo una wake wa kutosha. Kwenye ikwaliza, kata chini ya hezi 100 ili umwachie mpiga bezi uwanja, punguza desibeli 3 hivi kati ya 250 na 400 ambako piano na gitaa la rizimu hutengeneza tope, ongeza mbili kwenye hezi 2,500 kama unafunikwa. Usiungwe kwenye amplifaya ya gitaa hata ukibembelezwa, inakata juu yote. Monita yenye amplifaya yake ndani, spika ya inchi 10 au 12, ndiyo rafiki yako.

Mvumo sasa. Utambue kwa sikio, wewe ni mwanamuziki. G ya kwanza na ya pili kutoka kushoto kwenye piano ya vitufe 88 ni hezi 49 na 98. Umeme wetu ni 50, na mvumo wake hukaa hapo au kwenye 100. Ukisikia mvumo ulio G iliyopanda kidogo, hiyo ni ardhi ya umeme, siyo ala. Chanzo chake cha kawaida ni piano kula umeme wa soketi ya jukwaani na mixa kula wa soketi ya nyuma ya ukumbi, ardhi mbili zisizolingana, na kebo yako ya jeki ndiyo daraja kati yao. Chomeka piano kwenye soketi ndefu inayotoka kwa fundi mitambo. Ikishindikana, weka kisanduku cha DI karibu na piano: jeki fupi ya meta 2 au 3 inaingia, kebo ya XLR inatoka hadi kwenye mixa hata kama ni meta 30, na kuna swichi ya kukata ardhi, ijaribu pande zote mbili chaneli ikiwa imefungwa. DI ya transfoma isiyohitaji umeme inatosha kabisa kwa piano, kwani ala yenyewe ina nguvu. Kama unatumia XLR za piano moja kwa moja, mwambie fundi azime fantomu ya volti 48 (umeme ambao mixa hupelekea maikrofoni) kwenye chaneli zako. Kelele ya juu inayolia kama mbu na kubadilika ukigusa kompyuta siyo ardhi ya ukumbi. Ni chaja ya laptopu inayopitia USB, ichomoe uone.

Kitu kimoja usikubali hata kama mvumo unakera harusi nzima: mtu kukata au kuruka pini ya ardhi ya plagi. Mvumo utaondoka kweli. Siku waya wa moto ukigusa bati la mixa, njia ya kwenda ardhini itakuwa mwimbaji aliyeshika maikrofoni huku amekanyaga sakafu yenye maji.

Umeme kukatika ni sehemu ya ratiba. Hatari kubwa iko kwenye kurudi, kwa sababu unarudi kwa kupanda na kushuka kabla ya kutulia. Ukikatika, fundi afunge chaneli, wewe zima swichi ya piano. Ukirudi, au jenereta ikiwaka, subiri dakika moja na nusu, taa zikiacha kupepesa ndipo uwashe. Vile vifaa vya kulinda friji vinafanya kazi hii vyenyewe, lakini hukaa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, na bibi harusi hasubiri. Chukua cha televisheni, muda wake ni mfupi. Bora zaidi ni UPS ndogo (betri ya akiba) ya VA 650 ya piano peke yake. Mzigo ni wati chache, itakushikilia muda wa kumaliza wimbo na zaidi, na hutapoteza sekunde za ala kujiwasha upya huku watu wakiangalia. Mafundi wasichomeke monita humo.

Kuhifadhi: hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kwa walio Kigamboni au Msasani ni maradufu. Funika piano kwa kitambaa cha pamba, siyo nailoni inayofungia jasho, tia vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya mkoba na uvibadilishe vikijaa. Ukitoka kwenye gari au ukumbi wenye kiyoyozi kikali kwenda kwenye hema la nje, iache nusu saa ndani ya mkoba kabla ya kuiwasha. Chuma baridi kwenye hewa ya Dar kinatoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo liko juu ya ubao wa saketi.

Pedali nunua ya kampuni ile ile ya ala, siyo kile kibonyezo cha plastiki cha boksini. Kampuni hazikubaliani pedali iwe imefungwa au wazi inapokuwa haijakanyagwa, ndiyo maana ukichanganya sauti inalia umeachia na kukatika umekanyaga. Ikikutokea, zima, toa mguu, washa tena. Ala nyingi husoma mkao wa pedali wakati wa kuwaka. FC3A kwa Yamaha za CP na DP-10 kwa Roland hutambua hata kukanyaga nusu. Stendi ya X ya mguu mmoja ifikirie mara mbili: vitufe vya nyundo unavipiga kwa nguvu zaidi na ala nzima inayumba. Chukua X ya miguu miwili au ya meza, na upandishe mpaka uso wa vitufe uwe sentimita 72 hadi 75 kutoka sakafuni ukiwa umekaa.

Kinanda chako cha zamani usikiuze. Kiweke ghorofa ya juu ya stendi kwa ajili ya midundo, tarumbeta na nyuzi, piano ikae chini. Kila kimoja kiwe na chaneli yake kwa fundi, hiki cha zamani kwa ile kebo ya Y tuliyoanza nayo. Ukitaka kupiga sauti zake kutoka kwenye vitufe vya piano, angalia kama kina MIDI ya pini tano. Kikiwa na USB ya kwenda kompyuta tu, na piano nayo ikiwa hivyo hivyo, havitaongea moja kwa moja, kwa kuwa vyote viwili vinasubiri kompyuta iwasimamie. Unahitaji kisanduku kidogo cha kuwaunganisha. Na kwa kuwa wapigaji wengi wa kwaya wamezoea kupiga kila kitu C na kubonyeza transpozi (swichi ya kuhamisha ufunguo), kumbuka swichi ziko mbili sasa. Ukiigusa ya piano na kusahau ya juu, utaingia na nyuzi kwenye C, piano kwenye E bemoli, na kwaya nzima itageuka kumwangalia mpiga bezi, ambaye hana kosa.